Kabla hujauliza kichwa gani, niambie utabeba nini

Juzi mdogo wangu mmoja wa Sengerema kanitumia meseji, shikamoo tatu mfululizo halafu swali: "Kaka, nichukue Scania au HOWO?" Yaani kichwa gani, ile gari ya mbele inayovuta tela. Kauza kiwanja, mkopo wa benki unakaribia kutoka, kuna kampuni ya usafirishaji inataka asaini mkataba wiki hii, na ameona ile picha ya kadi ya gari niliyoweka, jina langu peke yangu, la benki limeondoka. Wabeja, yaani asanteni, wote mlionipongeza, na mlionipongeza huku roho inawauma nimewaona pia. Sasa nikaanza kumjibu huyu dogo, jibu likawa refu mpaka mke wangu akauliza naandikiana na nani usiku huu, nikaona bora niweke hapa wote msome maana najua mko wengi mnataka kitu hichohicho, gari yako, jina lako mlangoni, hakuna tajiri wa kukupigia saa kumi alfajiri uko wapi.

Marahaba mdogo wangu. Scania au HOWO ni swali la mwisho, wewe umelifanya la kwanza. Kwanza ni mzigo, halafu nani anakupa huo mzigo, halafu tela, kichwa kinakuja mwisho kabisa. Najua kichwa ndio kinapendeza kwenye picha.

Mimi nilinunua tela sina kichwa. Ndio, tela tupu, flati (ile bapa isiyo na kuta) ya ekseli tatu, mtumba, nikaileta nyumbani Buhongwa nikaiegesha miguu yake juu ya vipande vya magogo, watoto wa mtaa wakaigeuza uwanja wa kuchezea. Shemeji yangu mmoja, jina silitaji maana dada anasoma hapa, akaja na wenzake akasema mbele ya mke wangu "huyu kanunua kitanda hana godoro". Walicheka sana siku ile. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeanza utingo, nimekunja maturubai ya watu mpaka vidole vikakakamaa, nikaja kuwa dereva wa tajiri mmoja wa Nyakato, kwa hiyo nilikuwa najua kitu ambacho shemeji hajui: huku Kanda ya Ziwa vichwa vipo, kinachosumbua ni tela ya maana. Kutoka Dar inakuja nondo, mabati, mabomba, mashine za migodini, kontena. Kurudi kuna marobota ya pamba msimu ukifika, dengu, choroko, vyuma chakavu. Mwenye skeletoni, tela ya fremu tupu isiyo na sakafu, anabeba kontena tu, mwenye tipa ana mambo yake ya mchanga na kokoto, lakini mwenye flati yenye loki, vile vifungio vya kushikilia kontena, anabeba vyote hivyo, kwenda na kurudi. Haikupita muda jamaa mmoja mwenye kichwa, skeletoni yake imekatika chasisi, akaja kuikodi. Kodi ya tela ukijumlisha na mshahara wangu wa udereva ndio ikawa ile hela benki wanayotaka uweke wewe kwanza kabla hawajakupa yao. Shemeji siku hizi ananiita bosi, akinihitaji.

Basi tela. Urefu uwe unazidi mita 12, maana nondo zinakuja za mita 12 na kontena la futi 40 ni mita 12 na kidogo, ukinunua fupi utakuwa unaning'iniza vyuma nyuma na trafiki wote mpaka Dar watajua jina lako. Loki ziwe za futi 40 na za futi 20 pia. Geti la mbele liwe zito kwelikweli, hili sitanii, nondo ukishika breki ya ghafla zinakuja mbele zenyewe na kinachozitenganisha na mgongo wako ni hilo geti tu na jinsi ulivyofunga minyororo. Ndoano za kufungia ziwepo ubavuni kote, siyo nne nne za kubahatisha. Halafu nenda na uzi wa fundi mwashi, vuta toka mbele mpaka nyuma kando ya boriti la chasisi, ukiona boriti limepinda au limeshuka katikati ondoka hata kama bei ni ya bure. Ingia chini uangalie shingoni, pale tela inapopungua unene kwenda kwenye kingi pini, ile pini inayoshikana na kichwa, hapo ndipo zinapochanika, na rangi mpya mahali pamoja tu ina sababu yake. Springi za vyuma au mabaluni ya hewa? Kwa njia zetu mimi ni springi, jani la springi likikatika usiku Manyoni kuna mtu ataamka akubadilishie, baluni likipasuka utalala hapo.

Sasa uzito, hapa ndipo watu wazima wanalia. Ile sheria ya Afrika Mashariki ambayo kwetu mizani imeanza kuitumia 2019 inasema ekseli ya usukani tani 8, zile mbili za difu, zinazosukuma gari, tani 18, tatu za tela zenye tairi mbilimbili tani 24. Jumla 50. Yangu ikiwa tupu, matenki yamejaa, inasoma 17 na ushee, kwa hiyo nina kama 32 za kuuza, basi, hakuna tani nyingine itatoka mbinguni. Ndio maana tela iliyochomelewa vyuma juu ya vyuma "iwe imara" ni hasara inayotembea, kila kilo ya chuma cha ziada ni kilo hulipwi, kwenda na kurudi, maisha yote ya hiyo tela. Na usije ukafikiri ukiwa chini ya 50 umepona. Roli la bati, yaani bati lililoviringishwa, ni zito na ni dogo, wapakiaji wa Dar wanapenda kuliweka mbele kwa sababu forklifti inawahi kutoka, unafika mzani wa Vigwaza jumla iko 47 unatabasamu, halafu skrini inaonyesha difu tani 20. Utashushwa hapo uupange mzigo upya kwa gharama zako, roli la chuma, porini, na faini juu. Mtu wa mzani haulizi nani alipakia. Kwa hiyo dereva asimame yeye mwenyewe wakati wa kupakia, asiende kula chipsi, na tela iwe na alama za rangi ubavuni kuonyesha uzito mkubwa ukae wapi. Zangu nimepiga nyekundu. Tairi mbilimbili maana yake tairi 22 gari nzima, pana moja moja zinakuwa 16, watu wanaona wameokoa hela, lakini mzani unaziruhusu uzito mdogo zaidi na ikipasuka moja, upande huo wa ekseli hauna tairi nyingine ya kuushikilia mpaka ufike pa kutengenezea.

Turubai nunua mbili nzuri kabla ya kununua redio. Mfuko wa saruji ukilowa ni wako.

Tuje kwenye kampuni, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana bado nina kitu kifuani.

Ukiwa na gari moja wateja wakubwa hawakuoni. Migodi, makandarasi, wenye viwanda, wote wanataka kampuni yenye magari mengi, bima ya mzigo, karatasi za kodi za TRA zilizonyooka. Kwa hiyo unaenda kujishikiza, gari ni yako, leseni ya usafirishaji ya LATRA unahangaika nayo wewe, mkopo ni wako, wao wanakupa mzigo wanakata chao. Hakuna ubaya, nimekula mkate huo. Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa na ofisi nzuri Dar, kiyoyozi, kahawa, dada wa mapokezi anakuita "patna". Wakanipa mashine za kupeleka mgodini upande wa Geita. Nimefika getini, karatasi za mashine hazijakamilika, kosa lao siyo langu. Nikasubiri. Siku ya pili, ya tatu, tunapika ugali chini ya tela mimi na utingo, na kila siku nikipiga simu Dar naambiwa "patna vumilia". Niliposhusha nikadai demareji, ile hela ya kusubirishwa, jibu likawa mkataba wangu mimi na wao hauna hicho kipengele. Sawa. Lakini stoo kipa wa pale, mzee wa Kisukuma mwenye huruma zake, alinionyesha karatasi: kampuni ilikuwa imemtoza mteja hela ya kusubiri kwa kila siku ile niliyolala pale, na mteja kakubali kulipa. Yaani mimi nimelala na mbu, wao wamelipwa kwa mimi kulala na mbu. Ada ya mtoto muhula ule nilikopa kwa mama mkwe. Kumkopa mama mkwe wa Kisukuma ukiwa na semi imeegeshwa nje, wanaume mtanielewa.

Halafu daraja. Zamani kwenda Sengerema au Geita na mzigo ilikuwa upange foleni Kigongo usubiri kivuko, na bei ya nauli ilikuwa na hiyo foleni ndani yake. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, unavuka kabla wimbo haujaisha, sisi wote tulishangilia. Kampuni nyingine niliyokuwa nayo ikaleta barua, nauli imeshuka "kwa kuwa muda wa safari umepungua". Kwao muda ukipungua bei inashuka, muda ukiongezeka hawajui hesabu. Niliondoka wiki ileile.

Kwa hiyo dogo, ukienda kwa kampuni usiulize wanalipa vizuri kiasi gani, kila mtu atakuambia analipa vizuri. Uliza wanakata asilimia ngapi ya nauli ipi, ile anayolipa mteja au ile wanayokuambia wewe, na uombe kuona karatasi ya mteja. Uliza saa za bure za kushusha ni ngapi na hela ya saa inayofuata analipwa nani. Uliza hela inatoka siku ngapi baada ya wewe kurudisha dilivari noti, karatasi ya kuthibitisha mzigo umefika, yenye muhuri, wakisema sitini jua kwamba dizeli ya siku hizo sitini unawakopesha wewe. Gari yangu ikibeba inakula lita moja kwa kilomita 2 hivi, Mwanza–Dar ni kama kilomita 1,150, piga hesabu mwenyewe. Na waambie waandike nauli ifuate bei ya mafuta, EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, haifichwi, dizeli ikipanda nauli ipande, ikishuka ishuke, kampuni inayokataa hiyo hesabu inataka ikipanda ubebe wewe. Uliza pia kama mzigo wa kurudi uko huru kutafuta mwenyewe. Wengine wanakufunga, wanakuambia usubiri wao, unakaa pale Mwanza South wiki nzima unaangalia marobota ya pamba yanapakiwa na wenzio.

Na mheshimu utingo wako jamani. Mlipe, mpe chakula, usimwite "we mtoto" mbele ya wateja, anayefunga mnyororo wa mzigo wa tani 30 nyuma ya kichwa chako ni yeye. Na laleni. Vijana mnatafuna mirungi mnashuka mlima wa Sekenke usiku na nondo, mnawaza marejesho ya benki, benki haitakuja msibani. Mungu anabariki kazi lakini hakukuumba usilale. Na acha kufunga taa za rangi kwenye gari ya mkopo, taa hazibebi mzigo.

Haya, kichwa. Ukishajua mzigo, kampuni na tela, jibu karibu linajileta. Kama ni tani zaidi ya 28 kila safari na unapita milima, chukua difu mbili na breki ya injini inayofanya kazi, ijaribu ukiwa umebeba siyo tupu. Scania mtumba kila mji una fundi na spea, ila utanunua na uchovu wa mwenye nayo wa kwanza, HOWO mpya benki wanaipenda maana ni mpya, bei iko chini, ila ukitaka kuiuza baada ya miaka usitegemee watu wapange foleni. Mimi ni Scania. Rafiki yangu wa Igoma ana HOWO na halali njaa. Cha kufanya, pita gereji za Nyakato siku tatu bila kununua kitu, kaa uone gari gani inaingia imevutwa na inatoka baada ya muda gani.

Jambo la mwisho, umeniuliza kama usaini ule mkataba wa kampuni wiki hii kabla nafasi haijaenda. Usisaini. Angalia kwanza kipengele cha kujitoa, notisi ni siku ngapi, na hela wanayokudai au unayowadai inakaa wapi siku ukiondoka, na kile kifaa cha kufuatilia gari watakachokufungia nani anakitoa. Nitumie kurasa zote, siyo picha ya ule wa kwanza wenye nembo.