Mafuta ya samaki ukiwa kwenye kemo, beba kopo ukamuoneshe daktari kwanza

Ukishaanza kemo, yaani tiba ya dawa za kuua saratani, kila anayekuja kukuona anakuja na dawa yake, huyu stafeli, yule mlonge, na kuna ndugu wa mjini lazima alete kopo la omega 3, eti haina madhara si samaki tu jamani. Nimemuuguza mama, saratani ya titi, makopo yalijaa mpaka juu ya friji.

Geuza kopo usome nyuma. Mbele wameandika 1000 kwa maandishi makubwa lakini hayo ni mafuta yote, omega 3 yenyewe (EPA na DHA) mara nyingi ni kama miligramu 300 tu. Na kama ni mafuta ya ini la samaki, yale tuliyokuwa tunalazimishwa kijiko kijiko utotoni, humo kuna vitamini A, ikizidi inaumiza ini.

Halafu damu. Kemo inashusha pletileti, zile chembe za kugandisha damu, na mafuta ya samaki kwa dozi kubwa yanaweza kuchelewesha damu kuganda, sembuse mtu anayetumia warfarini au aspirini, dawa ambazo nazo zinazuia damu kuganda. Mama alikuwa akipiga mswaki anatema damu, tulipofika kliniki nesi kabla hata ya kuangalia majibu ya FBP, kile kipimo cha damu, akauliza, mama unatumia nini kingine huko nyumbani?

Lingine hili, 2015 watafiti wa Uholanzi walitoa kwenye jarida la kitabibu la JAMA Oncology kwamba kwa panya mafuta ya samaki yaliifanya kemo ishindwe kazi. Panya sawa, ila walishauri wagonjwa wayaache kuanzia siku moja kabla ya dripu mpaka siku inayofuata.

Sisemi ni sumu. Mgonjwa aliyekonda na chakula hakipandi, hata wataalamu wa lishe wa Ulaya, ESPEN, wanasema omega 3 inaweza kusaidia uzito na hamu ya kula, japo ushahidi sio mzito kihivyo. Ndo maana anayeamua ni daktari anayejua dawa zako, sio muuza duka wala grupu la WhatsApp.

Kwahiyo siku ya kliniki beba kopo lenyewe, usiseme "natumia vitamini tu", na usimuonee aibu aliyekuletea. Mama aliambiwa asimamishe mpaka amalize mizunguko, tukabaki na supu ya sato, dagaa harufu ilimshinda kabisa. Kopo tukamrudishia shangazi, alinuna huyo!