Maswali ya Wasomaji: Je, Asiyeweza Kusamehe Hana Imani?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu vitabu ambamo manusura wa vita wanasimulia jinsi walivyookoka, pamoja na yale ambayo wasomaji wanaambiwa wajifunze humo. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu inastahili.

Swali: Mimi ni mama wa miaka 52 na ninaishi Kigoma tangu tulipoikimbia Uvira mwaka 1996. Kaka yangu aliuawa wakati huo na hatukupata hata kumzika. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo tulisimuliwa habari za Immaculée Ilibagiza wa Rwanda, ambaye aliwasamehe waliowaua wazazi wake. Tangu siku hiyo ninaambiwa kwamba kama yeye aliweza, basi mimi ninashindwa kwa sababu imani yangu ni haba. Je, ndivyo?

Jibu: Hapana, Mama. Hata kisa chenyewe, kikisomwa chote, hakiwaungi mkono wanaokuambia hivyo.

Immaculée alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani kwa Pasaka mwaka 1994. Baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa tarehe 6 Aprili na mauaji ya Watutsi kuanza, yeye akiwa Mtutsi alifichwa kwa siku 91 pamoja na wanawake wengine saba katika bafu dogo la mchungaji mmoja wa Kihutu, huku mlango wake ukiwa umezibwa kwa kabati. Wasimulizi wengi hutoka hapo na kwenda moja kwa moja kwenye msamaha, na hivyo huruka sehemu ambayo mimi naiona kuwa kiini cha kitabu chake. Ndani ya bafu hilo, akiwa na rozari aliyopewa na baba yake, Immaculée alishindwa kuisali Baba Yetu yote. Kila alipofika penye maneno "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea" ulimi ulimkatalia, kwa kuwa msamaha huo hakuwa nao moyoni. Huyo ndiye mwanamke unayelinganishwa naye, Mama: mtu aliyekuwa akisali mchana na usiku, na bado sentensi moja ya sala ikamshinda.

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika. Alipokwenda kukutana na kiongozi wa kundi lililoishambulia familia yake, mtu huyo alikuwa tayari yumo gerezani. Immaculée alimwambia kwamba anamsamehe, lakini hakuomba mlango wa gereza ufunguliwe, na ofisa aliyemleta mfungwa huyo alikasirika kuona ameachwa bila kukaripiwa. Rwanda yenyewe haikuchagua msamaha mahali pa sheria: kulikuwa na mahakama ya kimataifa hapa kwetu Arusha, na mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya kijamii ya vijijini na mitaani, zilisikiliza karibu kesi milioni 2 kabla ya kufungwa mwaka 2012. Kwa hiyo anayekutaka usamehe na wakati huohuo unyamaze kuhusu haki ya kaka yako anadai jambo ambalo Immaculée mwenyewe hakulifanya.

Mwingine anayetajwa sana makanisani ni Corrie ten Boom, mwanamke fundi saa wa mji wa Haarlem, Uholanzi, ambaye familia yake iliwaficha Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947, baada ya kuhubiri habari za msamaha katika kanisa moja mjini Munich, alifuatwa na mwanamume aliyemtambua mara moja kuwa alikuwa mlinzi katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Ravensbrück, alikofungwa yeye na alikofia dada yake Betsie. Mtu huyo alinyoosha mkono na kuomba asamehewe. Corrie, ambaye dakika chache zilizotangulia alikuwa akiwafundisha wengine, alisimama pale mkono wake ukikataa kuinuka, mpaka alipoomba apewe nguvu asiyokuwa nayo. Naomba uone pia kwamba alikuwa ameombwa. Wewe, kwa jinsi ulivyoandika, hakuna aliyekuja kukuomba.

Isitoshe, liko swali ambalo watu wenye imani hawajawahi kukubaliana juu yake, nalo ni kama aliye hai anaweza kusamehe kwa niaba ya aliyeuawa. Simon Wiesenthal, Myahudi aliyekuwa mfungwa wa Wanazi katika mji wa Lemberg (leo Lviv, Ukraine), anasimulia jinsi alivyoitwa kando ya kitanda cha askari wa SS, kikosi cha Wanazi, aliyekuwa akikata roho, ambaye alikiri kushiriki katika kuwachoma Wayahudi ndani ya nyumba na akataka kusamehewa na Myahudi yeyote. Wiesenthal alitoka bila kusema neno. Baadaye aliwauliza wanafikra na viongozi wa dini wa mataifa mengi wao wangefanya nini, na Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuwa mmoja wa waliojibu. Majibu yaligawanyika, na Wayahudi wengi walisema kwamba haki hiyo ni ya waliokufa peke yao. Ikiwa wasomi wa dini wameshindwa kufikia hukumu moja, sioni ni kwa mamlaka gani mwenyekiti wa jumuiya anaipima imani yako kwa jambo hili. Unaweza kuendelea kusali, kushiriki na kupokea sakramenti huku sentensi ile ikiwa bado nzito kinywani. Na kama wakiendelea kukusema mbele ya wenzako, zungumza na padre faraghani.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Katika kitabu cha Corrie ten Boom, Betsie anamshukuru Mungu hata kwa viroboto waliojaa katika bweni lao. Wanafunzi wangu wanauliza: waliosali wakafa, wao wameandika wapi?

Jibu: Wanafunzi wako wameuliza vizuri kuliko wahakiki wengi. Ni kweli kwamba viroboto hao waliwafanya walinzi wasiingie bwenini, na kwa sababu hiyo wafungwa waliweza kusoma Biblia bila kukamatwa. Lakini aliyeshukuru hakutoka humo akiwa hai. Betsie alifariki tarehe 16 Desemba 1944, na Corrie akaachiwa siku chache tu baadaye, kwa kosa la makarani kama alivyokuja kuelezwa. Kitabu hakidai kwamba dada mwenye imani zaidi ndiye aliyeokolewa, na kingedai hivyo kingekuwa cha uongo. Kadhalika, mwaka 1994 Wanyarwanda wengi waliuawa makanisani walikokimbilia, ikiwemo Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu.

Wape pia kitabu cha Elie Wiesel, mwandishi Myahudi aliyepelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 15, kijana aliyekuwa amezama katika masomo ya dini. Kitabu chake kinasimulia imani iliyojeruhiwa, wala hakiharakishi kuiponya. Darasa linalosoma masimulizi yenye faraja pekee litafikiri kwamba vita ni mtihani ambao wacha Mungu hufaulu.

Swali: Je, ushujaa unaosifiwa katika vitabu hivi ni wa Wakristo tu? Mimi ni msomaji wa Mombasa.

Jibu: La hasha. Katika mtaa wa Nyamirambo jijini Kigali, ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa miaka mingi, Waislamu waliwaficha majirani zao majumbani wakati wa mauaji yale. Ila tu masimulizi yao hayajaandikwa na kusambazwa kwa wingi kama yale ya makanisani, na hilo ni pengo la wachapishaji. Ningeongeza kwamba mashujaa wa vitabuni si watu wasio na hofu. Mchungaji aliyewaficha kina Immaculée alikuwa mwoga, na nyakati nyingine aliwatolea maneno makali ya uenezi wa chuki dhidi ya Watutsi, lakini hakuufungua ule mlango. Kwa upande mwingine, Casper ten Boom, baba yake Corrie, aliyekuwa na umri wa miaka 84, aliambiwa na Wajerumani kwamba angeachiwa kama angeahidi kutulia. Akajibu kwamba akirudi nyumbani, kesho yake atamfungulia yeyote atakayebisha hodi akiwa na shida. Alifariki kizuizini baada ya siku kumi.

Swali: Babu yangu alikimbia Burundi mwaka 1972 na tunaishi Katumba, Mpanda. Anasimulia mengi. Ninaweza kuyaandika bila kuwa mwandishi?

Jibu: Unaweza. Corrie alitoa kitabu chake mwaka 1971 kwa msaada wa waandishi wawili, na Immaculée pia alisaidiwa na mwandishi, kwa hiyo msaada si aibu. Anza na mambo madogo: walikula nini njiani, nani alimbeba mtoto, walivuka wapi. Andika kwa Kirundi anapozungumza Kirundi, kisha utafsiri baadaye. Tenganisha aliyoyaona kwa macho na aliyoyasikia kwa wengine, na ufiche majina ya walio hai wanaoweza kudhurika. Usimuulize kama amesamehe. Akitaka kulisema atalisema mwenyewe. Ukimaliza sehemu, msomee kabla ya mtu mwingine kuiona, na atakalotaka lifutwe, lifute.