Stoku ya akiba wakati mashine imebanwa: maswali yenu

Nimepiga ile fomula ya kawaida, 1.65 mara sigma (kipimo cha mahitaji yanavyoyumba) mara kipeuo cha pili cha muda wa kusubiri mzigo, nikalenga uwezekano wa 95% wa stoo kutokauka. Mbona stoo inakauka kila saa?

Fomula haina shida, shida ni kwamba inaamini ukiagiza kumi au elfu mzigo unafika kwa muda uleule. Kiwandani kwako haiko hivyo, oda zikijaa zinapanga foleni kwenye mashine, kwa hiyo mahitaji yakipanda na muda wa kusubiri nao unarefuka, unapigwa mara mbili kwa mpigo.

Sasa niongeze kiasi gani?

Inategemea mashine imeshikwa kiasi gani. Chukua hesabu rahisi kabisa ya foleni, mashine moja, oda zinaingia moja moja bila mpangilio, muda wa kutengeneza nao haueleweki, na kila pisi ikitoka stoo unaagiza nyingine. Ukitaka uwezekano wa kukuta stoo tupu usizidi 5%, mashine ikiwa bize 80% unahitaji kiwango cha kujazia (pisi zilizo stoo jumlisha zilizoagizwa) cha pisi 14. Ikiwa 90% ni 29. Ikiwa 95% ni 59. Yaani mahitaji hayajabadilika sana lakini stoku imeruka zaidi ya mara nne, na ndo maana mimi huwa nauliza ubize wa mashine kwanza kabla hata sijauliza sigma. Ikifika 100% usinitafute, hakuna stoku ya kukutosha.

Bidhaa sita, mashine moja, kila moja niipe akiba sawa?

Hapana bana. Rundika ile inayotoka kila wiki bila vituko na haiharibiki haraka, ili siku ile korofi ikilipuka uisimamishe hiyo tulivu kwa muda na mashine yote uipe korofi. Ila angalia muda wa kubadilisha seti, yaani kuandaa mashine upya kwa bidhaa nyingine, ukirukaruka kati ya bidhaa sita kutwa nzima unakula uwezo uleule unaojaribu kuuokoa.

Tunajaza stoo kabla ya msimu, hiyo si akiba?

Hiyo ni stoku ya msimu, iandike pembeni. Ukizichanganya utadhani una akiba kumbe imeshauzwa tayari.

Bosi anasema stoku ni hela iliyolala, kata nusu.

Mwambie sawa, ila atoe ovataimu ya kushusha ubize kutoka 95% hadi 90%, hapo nusu inakatika yenyewe.