Kabla ya kumrekebisha mwenzako mazoezini, omba ruhusa

Watu wengi niliowaona wakiacha mazoezi hapa Lubumbashi hawakushindwa na mbio wala vyuma. Waliambiwa neno mbele za watu, wakaenda nyumbani, hawakuonekana tena. Nimekimbia na makundi ya asubuhi kwa miaka mingi, na jambo hili bado linaniuma.

Neno lenyewe mara nyingi ni la mwili. “Mama, umejaa sana, wewe zunguka mara mbili.” “Yaya, mbona umekonda hivyo, una nini?” Msemaji anaamini anatia moyo. Lakini mama huyo ameamka saa kumi alfajiri, amewaandalia watoto chai, ametoka kwenye baridi ya mwezi wa sita, halafu tumbo lake linajadiliwa na vijana wenye umri wa wanawe. Wala hujui ametoka wapi. Huenda amejifungua juzi juzi, huenda malaria ilimlaza wiki nzima, huenda yuko kwenye maombi ya kufunga na hajala tangu jana. Uzito wa mtu, umepanda au umeshuka, usiuguse mpaka mwenyewe autaje.

Kurekebisha ni lazima wakati mwingine, ila kuna namna. Tuseme papa mmoja anainua chuma chetu kile cha makopo yaliyojazwa saruji, mgongo umepinda kama upinde. Unaona kabisa kiuno kitamsumbua. Usimpigie kelele kutoka upande wa pili wa uwanja. Ngoja aweke chuma chini, msogelee, msalimie, kisha useme kwa sauti ya chini: “Papa, unaniruhusu nikuonyeshe kitu kidogo juu ya mgongo?” Akikubali, onyesha kwa mwili wako mwenyewe: chuma karibu na miguu, magoti yamekunjwa, makalio yamerudi nyuma, mgongo umenyooka. Kitu kimoja kwa siku kinatosha. Akikataa, mwache. Kama chuma kinataka kumwangukia, hapo huombi ruhusa, unakishika. Lakini kijana kumsahihisha mzee hadharani ni aibu kwa wote wawili, hata kama kijana ana haki.

Na unaposhauri, sema ushauri umetoka wapi. “Mimi ilinisaidia” si sawa na “lazima ufanye hivi”. Kuna wanaowadharau wanaotembea, kana kwamba bila kutokwa jasho jingi mtu hajafanya kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mama anayetembea kwa haraka nusu saa, siku tano, amefikisha kiwango cha chini cha hizo dakika. Mwacheni atembee.

Jambo nisilolivumilia kabisa ni kugawiana dawa. Mgeni anakuja mara ya kwanza, kesho yake mapaja yanamuuma, na tayari mtu ametoa mfukoni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Maumivu hayo ya misuli ni ya kawaida, huzidi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua yenyewe; na dawa za aina hiyo zinaweza kudhuru tumbo na figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa maji. Wengine wanawashauri mabinti wembamba vidonge vya kunenepesha, na baadhi ya vidonge hivyo ni deksamethasoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe mwilini. Hiyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, na aliyeizoea akiikata ghafla anaweza kuugua vibaya sana. Anayetaka dawa aende kwa daktari. Kundi la mazoezi si duka la dawa.

Anayesimama katikati ya mbio asichekwe. Kwetu Kongo kuna watu wengi wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wale tunaosema ni SS, na baridi, kiu na kuchoka kupita kiasi vinaweza kumletea mmoja wao maumivu makali ya mifupa. Wengi hawapendi kulitangaza, na hawalazimiki. Mtu akisema “leo naishia hapa”, jibu ni “sawa, tutaonana Jumamosi”. Sauti za “sukuma, sukuma, usiwe mwoga” ziishe.

Mengine ni mafupi. Usimpige mtu picha akihema bila kumwuliza. Tukiwa barabarani tukimbie wawili wawili, si wanne sambamba, maana malori ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, hayatungoji. Kila mtu aje na taulo na chupa yake ya maji, afute benchi akimaliza. Mwenye homa au vipele vipya abaki nyumbani aende kupimwa, kwa sababu mpox, ugonjwa wa vipele unaoambukiza kwa kugusana, bado iko nasi.

Mtu akilalamika kifua kinambana, au akizimia, kundi zima lisimame na apelekwe hospitali mara moja, hata akisema imeshapita. Ndiyo maana mgeni siku ya kwanza aombwe namba ya simu ya mtu wake wa nyumbani, na kiongozi aiandike kwenye daftari, kabla hata ya kuanza kunyoosha viungo.