Kwa Nini Abiria Apimwe Uzito?

SWALI: Mhariri, nilisafiri kwa ndege ndogo kutoka Chake Chake kwenda Unguja. Begi langu halikuzidi kilo 15, lakini nilitakiwa nami nipande mizani, kisha nikahamishiwa kiti cha mbele. Je, ni haki? (Msomaji, Wete)

JIBU: Ni haki. Ndege aina ya Cessna Grand Caravan hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi takriban kilo 4,000, na humo huhesabiwa chombo chenyewe, mafuta, rubani, abiria na kila kikapu cha halua. Hata kikomo hicho kisipovukwa, mzigo ukielemea nyuma, pua ya ndege huinuka kupita kiasi na rubani anaweza kushindwa kuishusha. Ndiyo maana ulihamishwa. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu iliporuka, wakafariki wote 21 waliokuwamo. Wachunguzi walibaini kwamba mitambo ya mkia ilirekebishwa vibaya na, juu ya hayo, ndege ilielemewa nyuma, kwa kuwa wastani wa uzito uliotumika kuwakadiria abiria ulikuwa mdogo kuliko uzito wao halisi. Katika ndege kubwa makadirio hayo hutosha kwa kawaida, lakini penye abiria kumi na kitu, mnene mmoja hubadili hesabu. Na mkoba wa mkononi, ambao wengi wetu huuficha mizani isiuone, nao upimwe.