Tumbusi wakiisha, watu nao hufa

Ndugu, si kweli kwamba tumbusi wakiisha hatupotezi kitu. India wameshayaona. Tangu miaka ya 1990 aina tatu za tumbusi huko zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95, na chanzo kilikuwa diklofenaki, dawa ile ile ya maumivu tunayouziwa famasi. Wafugaji waliwapa ng'ombe wagonjwa dawa hiyo. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi anayekula mzoga huharibika figo na kufa baada ya siku chache. Watafiti waliligundua hilo Pakistan na kulichapisha 2004; India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo 2006.

Mizoga ikabaki ikioza, mbwa koko wakaongezeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikapanda. Wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walikadiria vifo vya ziada vya watu kama 500,000 kati ya 2000 na 2005. Ni makadirio, yametokana na kulinganisha wilaya zilizokuwa makazi mazuri ya tumbusi na zile zisizowafaa, si hesabu ya mtu mmoja mmoja.

Si kila mnyama akitoweka pigo linakuwa kubwa hivi. Lakini tumbusi ni wa kulindwa kwa nguvu zote, maana hata Kenya na Tanzania wanakufa kwa makundi wakila mizoga iliyotiwa sumu ya kuulia simba na fisi.