Barua kwa mwanangu: farasi au mkufunzi?

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliniuliza kwenye simu: Frankel, yule farasi wa mbio wa Uingereza, alishinda mbio zote 14 kwa sababu alizaliwa na kasi, au ni mkono wa mkufunzi wake, Henry Cecil? Nikakwambia nitakuandikia. Kwangu mimi ni mkono.

Kasi alikuwa nayo, tena ya kurithi. Baba yake ni Galileo. Lakini nimekuwa saisi miaka mingi hapa Ngong, namjua farasi mwenye damu moto. Anang'ata lijamu, anavuta hatamu mpaka viganja vinakuchubuka, na ukimwachia anamaliza nguvu kabla ya mwisho. Frankel alikuwa wa aina hiyo. Aprili 2011, kwenye 2000 Guineas, mbio kubwa za Uingereza pale Newmarket, alichomoka tangu mwanzo akashinda kwa urefu wa farasi sita, watu wakapagawa. Juni hiyo, kwenye uwanja wa Ascot, joki wake (mpanda farasi) Tom Queally alimwachia mapema, pumzi ikapungua, akaponea kwa chini ya urefu wa farasi mmoja.

Cecil hakumvunja. Alimzoesha kutulia, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mnyama akajua kusubiri. Na kazi hiyo aliifanya akiwa na saratani ya tumbo, iliyogunduliwa mwaka 2006. Mwaka mmoja kabla, mtu huyu aliyepata kuwa bingwa wa wakufunzi Uingereza mara 10 aliambulia ushindi 12 tu. Wengi walishamhesabu amekwisha. Mwanamfalme Khalid Abdullah wa Saudi Arabia, mwenye Frankel, hakumwondolea farasi wake. Hilo nalo limenigusa sana.

Sasa tazama uwanja wa York, Agosti 2012, mara yake ya kwanza kukimbia kilomita mbili. Cecil amekuja na fimbo, amekonda, sauti imekaukia kooni kwa dawa. Frankel yuko karibu na mkia wa kundi, ametulia kama anayepelekwa kunywa maji. Halafu anapita kwa nje, wenzake wakiwa wanasukumwa kwa nguvu zote, na Queally bado ameketi kimya. Urefu wa farasi saba! Frankel yule wa Guineas, wa kuchomoka tangu mwanzo, asingeumaliza umbali ule hivyo.

Oktoba alikimbia kwa mara ya mwisho, Ascot, ardhi imelowa, akashinda tena. Cecil alifariki Juni 2013.

Ukija Desemba tutaitazama pamoja hiyo ya York. Farasi waache kwanza, uangalie mikono ya Queally.

Baba yako